Jibu: Rili ndogo nyeusi iliyofutika namba

Mkuu, umesema rili yako ya kuvulia samaki ni Mitchell ndogo ya Ufaransa, namba ya modeli imefutika, hujui kama ni 308 au 408, na tena inazunguka kwa ugumu. Anza na mkono wa kuzungushia. Ukiwa kushoto, ni mojawapo ya hizo mbili. Ukiwa kulia, basi unayo 309 au 409. Kutofautisha 308 na 408 ni suala la kasi: 408 hukunja mshipi haraka zaidi kwa kila mzunguko wa mkono. Kibiringo cha kukunjia mshipi kisikudanganye, cha moja huingia kwenye nyingine, na wauzaji huvibadilisha sana.

Ule ugumu wa kuzungusha usikutishe, mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda kama gundi. Fungua kifuniko cha ubavuni, safisha taratibu. Ila rangi usiiguse! Rili iliyopakwa upya mimi siinunui.