Kwa nini ukaguzi wa libcurl haukuzuia kitu

Umeuliza iweje CVE-2019-3822, udhaifu wa kiusalama wa libcurl (maktaba ya programu ya kuhamisha data mtandaoni), itokee wakati kodi yake (msimbo wa programu) ya NTLM, njia ya Microsoft ya kuthibitisha utambulisho, ilikuwa tayari inakagua ukubwa wa bafa, yaani nafasi ya muda ya kuhifadhi data. Kweli ilikuwa inakagua, ila hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Bafa ni ya baiti 1024, na imo kwenye steki, sehemu ya kumbukumbu ambayo programu hutumia inapoendesha kazi zake. Kabla ya kunakili humo jibu la NT (sehemu ya ujumbe wa NTLM ambao mteja hutuma kuthibitisha utambulisho wake), kodi inatoa urefu wa jibu hilo kutoka 1024, kisha inauliza kama nafasi iliyokwisha kutumika ni ndogo kuliko tofauti hiyo. Sasa weka jibu la baiti 1100. Wewe na mimi tungepata hasi 76, lakini aina ya namba iliyotumika haijui hasi, kwa hiyo inazunguka na kuwa 4294967220. Nafasi iliyotumika ni ndogo kuliko hapo, bila shaka! Ukaguzi unapita, data inamwagika nje ya bafa.

Na urefu wa jibu hilo unatokana na data iliyotumwa na seva, kwa hiyo seva yenye nia mbaya inaweza kumshambulia mteja anayejaribu kuingia. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana wengi tunalinda seva tu.

Matoleo yaliyoathirika ni 7.36.0 hadi 7.63.0, rekebisho limo kwenye 7.64.0 ya Februari 2019. Endesha curl -V uone kama NTLM imetajwa. Kwenye Debian (mfumo wa Linux) usiamini namba ya toleo peke yake, wao huweka viraka (marekebisho ya usalama) kwenye matoleo ya zamani bila kubadili namba kuu ya toleo. Soma kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi.