Chama, jamii au shirika? Jina la umoja wa madaktari wa mfumo wa chakula

Swali (msomaji, Newala): Nimepewa kazi ya kuandika tangazo la mkutano wa wataalamu wa magonjwa ya tumbo utakaofanyika Mtwara mjini, pamoja na siku moja ya kupima wananchi. Rasimu niliyoikuta inasema: "Jamii ya Madaktari wa Tumbo, inayosajili na kusimamia madaktari hao, inawakaribisha. Mgonjwa wa endoskopi asile saa 6 kabla." Mwenzangu anataka tuandike "shirika", maana huku kwetu ukisema "chama" watu wanawaza siasa au AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Tuandike lipi?

Jibu: Andikeni "chama". Hofu ya mwenzako si ya bure. Msimu wa korosho ukifunguliwa, chama kwa mtu wa Newala ni AMCOS, na miezi mingine yote ukisema "Chama" bila nyongeza umeitaja CCM. Lakini kwenye tangazo neno hili haliji peke yake. Anayesoma "Chama cha Madaktari Tanzania" hawezi kudhani anaitwa kupeleka magunia.

"Jamii" ifuteni. Jamii ni watu wanaoishi pamoja. Hawajiandikishi, hawalipi ada, hawana katiba wala mwenyekiti, na hakuna anayejiuzulu ujamii. Madaktari hawa wanavyo vyote hivyo. Kosa hili huzaliwa pale Kiingereza kinapotumia neno moja, "society", kwa maana mbili na mfasiri akachukua la kwanza alilolikuta kwenye kamusi.

"Shirika" nalo lina picha yake: ofisi, watumishi wa mishahara, bajeti, miradi. Ndiyo maana tunasema Shirika la Afya Duniani. Andikeni "shirika" na watu watafika wakiulizia wafadhili. "Jumuiya" haina kosa la lugha, ila mwenzako akiikimbilia ili kuikwepa siasa, akumbuke kwamba UWT (umoja wa wanawake), Wazazi na Vijana wa CCM nazo huitwa jumuiya za Chama. Kwa wenzetu wa nje majina hutofautiana: umoja wa wataalamu hawa wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1897, una neno moja ("association"), na ule wa Uingereza wa mwaka 1937 una jingine ("society"). Kwa Kiswahili vyote ni vyama. Chombo cha dunia kinachoviunganisha vyama vya nchi mbalimbali, kilichoanza mwaka 1958, kwa umbile lake ni shirikisho.

Kosa zito zaidi katika rasimu yenu ni vitenzi. "Inayosajili na kusimamia" si kazi ya chama. Daktari wa Tanzania Bara husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Madaktari Tanganyika. (Hiyo "Tanganyika" si kosa la uchapaji: afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake.) Mtu wa Newala ataielewa tofauti hii upesi mkimkumbusha kwamba AMCOS hukusanya korosho za wanachama wake, lakini leseni ya mnunuzi hutoka Bodi ya Korosho.

Kwa hiyo chagueni vitenzi kwa kufuata chombo. Baraza husajili, hutoa leseni, husikiliza malalamiko, husimamisha, hufuta jina katika daftari. Chama huandaa mkutano wa kisayansi, hufundisha wanachama ufundi kama wa endoskopi (kuchungulia ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera), huishauri wizara, huelimisha umma, hutoa mwongozo wa tiba. Na mwongozo hupendekeza, hauamuru. Mkiandika "chama kimeagiza hospitali zote", mmekipa mamlaka kisichokuwa nayo. Adhabu kubwa ya chama ni kumvua mtu uanachama, na aliyevuliwa anaweza kuendelea kutibu kesho yake asubuhi, mradi leseni yake ipo. Tofauti hii inamgusa mgonjwa moja kwa moja. Mwenye malalamiko huanza na uongozi wa hospitali, kisha baraza. Tangazo likimwambia kwamba chama ndicho kinachosimamia madaktari, barua yake itapotea njia.

"Madaktari wa Tumbo" inaeleweka mitaani, ila ni finyu na pana kwa wakati mmoja. Ni finyu kwa sababu wataalamu hawa huanzia kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni), wakapitia tumbo, utumbo mwembamba na mpana hadi njia ya haja kubwa, na juu ya hayo hutibu ini, nyongo na kongosho. Ni pana kwa sababu kwetu kila kinachouma chini ya kifua ni tumbo. Atakuja mama mwenye maumivu ya tumbo la uzazi, na atakuja kijana anayekojoa damu kwa kichocho, na aina hiyo ya kichocho ndiyo iliyozoeleka pwani ya Lindi na Mtwara. Hao wana wataalamu wengine. Hospitali zetu kubwa zimezoea kusema "magonjwa ya mfumo wa chakula na ini", tumieni hilo. "Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula" ni sahihi pia, ila ni refu kwa bango, na wachapaji hula ile alama ya ng' wakaacha "mmengenyo", neno lisilokuwepo.

Ongezeni "bingwa". Waliosomea fani hii baada ya ubingwa wa magonjwa ya ndani huitwa siku hizi mabingwa bobezi, lakini katika jina la chama "bingwa" linatosha. Jina zima basi: Chama cha Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Mfumo wa Chakula na Ini. Upatanisho baada yake hufuata chama, si madaktari: "kinawakaribisha".

Sasa ile "asile saa 6 kabla". Hapa lugha inaweza kumdhuru mtu. "Saa 6" ni muda, na pia ni adhuhuri au usiku wa manane. Mbaya zaidi ni sentensi ndugu yake, "maji mwisho saa 2 kabla": mwenye miadi ya saa 3 asubuhi ataielewa kuwa anywe hadi saa 2 asubuhi, yaani saa 1 tu kabla ya kipimo. Tumbo likiwa na kitu, daktari haoni vizuri, na kilichomo kinaweza kupanda na kuingia njia ya hewa. Msimwachie mgonjwa hesabu. Andikeni saa ya ukutani. Kwa kipimo cha saa 3 asubuhi: "Usile chochote baada ya saa 9 usiku. Maji matupu mwisho saa 1 asubuhi. Uji na chai ya maziwa ni chakula." Hospitali ikitaka tahadhari zaidi na kusema saa 6 usiku, fuateni yake, na neno "usiku" liandikwe kwa kirefu kila mahali.