Sapu ya saitokini iliyonifundisha kusoma

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili kaniandikia usiku. Kapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo la kinga ya mwili, na mada iliyomwangusha ndiyo iliyoniangusha mimi: saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumia kupeana ujumbe, na seli T, chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Nilikuwa kwenye daladala natokea Nkuhungu, na kidonda changu cha zamani kikaanza upya.

Mimi nilikuwa mtu wa kukariri. Ukutani nilibandika jedwali la saitokini ziitwazo interleukini, kwa kifupi IL: IL-2 inakuza seli T, IL-7 inazihifadhi, IL-15 inatunza zenye kumbukumbu ya maambukizi yaliyopita. Kwenye mtihani wa mdomo, mhadhiri hakuligusa kabisa. Aliuliza swali moja: panya aliyezaliwa bila jeni ya IL-2, seli T zake zitakwisha au zitajaa? Nikajibu zitakwisha. Akarudia swali, nami nikarudia jibu. Akafunga faili na kusema, wenzangu watatu wakisikia, kwamba maabara haikuwa mahali pangu. Kauli ile inaniuma mpaka leo.

Ugonjwa wa panya hao ulielezwa mwaka 1993. Seli T zao hujaa, utumbo ukavimba, mwili ukajigeuka wenyewe.

Likizo ile nilirudi Hombolo, nikamkuta baba anapogoa zabibu. Nikamuuliza kwa nini anakata matawi yenye afya. "Ukiiachia inywe maji bila mkasi," alisema, "utavuna majani." Niliacha ndoo palepale nikaenda kutafuta daftari.

Seli T iliyotulia haina kipokezi kamili cha IL-2. Ikimtambua adui na kupewa idhini ya pili kupitia CD28, kipokezi kingine juu yake, inatengeneza IL-2, na wakati huohuo inaongeza sehemu ya tatu ya kipokezi, CD25, inayoinasa barabara. Hapo inagawanyika mfululizo kwa siku kadhaa. Lakini IL-2 hiyohiyo ndiyo inayoiandaa kufa: seli ikichokozwa tena na tena huku IL-2 ikiwa nyingi, molekuli ya Fas juu yake inapokea amri, na vimeng'enya vya kaspasi vinaivunja kutoka ndani. Vilevile IL-2 inalisha seli T dhibiti, zile zinazotuliza wenzake. Iondoe, na mkasi umepotea. Ndiyo maana panya wale walijaa.

Kifo kingine ni cha kunyimwa. Maambukizi yakiisha, saitokini zinapungua, protini ya Bcl-2 inayoilinda seli inashuka, na nyingi zinakufa kimyakimya. Zinazobaki ni chache zenye kumbukumbu, nazo zinaishi kwa IL-7 na IL-15.

Sapu nilifaulu kwa C, alama ya juu kabisa ambayo sapu ilituruhusu pale. Ninajivunia C ile kuliko A zangu zote, na leo kazi yangu ni maabara.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ng'oa jedwali. Usiulize molekuli inafanya nini. Uliza inamwambia nani, wakati gani, na ikikosekana kinaharibika nini. Chora seli moja tangu inaamka hadi inakufa, kisha ichore tena bila kuangalia. Halafu tena. Sisi tunaotaka kuhudumia wagonjwa hatuna ruhusa ya kukariri, maana mgonjwa haji na jedwali. Kufeli si aibu. Aibu ni kurudi kwenye sapu na mbinu ileile iliyokufelisha, na wengi tunafanya hivyo kwa sababu kukariri kunatupa usingizi mzuri.

Anza na hili usiku huu. Kipokezi cha IL-2 kina sehemu iitwayo mnyororo wa gama, ambayo IL-7 na IL-15 nazo huitumia. Mtoto wa kiume akizaliwa na kasoro kwenye jeni ya mnyororo huo, anakuwa karibu hana seli T kabisa. Panya asiye na IL-2 anazo tele. Niandikie kwa nini, kwa maneno yako, kabla ya Jumamosi.