Barua ya vitisho imetoka kwenye anwani yangu mwenyewe. Nimlipe anayesema atamtafuta mwizi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na barua pepe ya ofisi nilifunguliwa na kijana aliyenitengenezea tovuti. Juzi imeingia barua ya Kiingereza inayoonyesha imetumwa na anwani yangu hiyo hiyo. Inadai kompyuta yangu imedukuliwa, nimerekodiwa kwa kamera, na nisipolipa bitcoin ndani ya saa 48 video itasambazwa kwa wateja wangu. Humo ndani wameandika paswedi yangu ya zamani, na kweli ni yangu. Kuna mtu WhatsApp anataka laki mbili anionyeshe mwizi alipo, na ameshaniambia mwizi huyo yuko Brazil. Nimlipe? Na niripoti wapi?

Jibu: Marahaba. Usimlipe huyo wa WhatsApp, na wa bitcoin usimlipe pia.

La paswedi nalimaliza haraka. LinkedIn iliibiwa data mwaka 2012, na mwaka 2016 anwani na paswedi zaidi ya milioni 100 kutoka huko zikawa zinauzwa. Hiyo ni kampuni moja tu. Tangu katikati ya 2018 matapeli wanachukua orodha za namna hiyo na kutuma barua ile ile kwa maelfu ya watu, wakibadilisha paswedi tu. Aliyekuandikia hana video. Angekuwa nayo angekuwekea kipande. Popote unapotumia paswedi hiyo bado, ibadilishe leo.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kila wiki. Jina na anwani unayoiona juu ya barua pepe anaiandika mtumaji mwenyewe, kama mtu anavyoandika nyuma ya bahasha kabla ya kuipeleka posta. Utaratibu huu ulitungwa mwaka 1982 kwa mtandao mdogo wa watu waliokuwa wakiaminiana, na hakuna aliyewekwa mlangoni kukagua. Ulinzi ulikuja baadaye, nao unafanya kazi kama mwenye anwani amewasha. Kwenye yale maelezo marefu ya safari ya barua (headers) uliyoninakilia kuna sehemu imeandikwa spf=none. Maana yake kijana wako wa tovuti hajawahi kutangaza ni seva zipi (kompyuta zinazotuma na kupokea barua) zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina la duka lako. Mdukuzi hakuingia kokote. Amejiandikia jina lako tu, na hakuna aliyemzuia. Mwambie kijana aweke SPF (hilo tangazo la seva zenye ruhusa), DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (agizo la nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi). Ni mistari michache kwenye mipangilio ya jina la tovuti, na akikuambia ni kazi ya wiki nzima, tafuta mwingine.

Na hiyo Brazil ya mtu wako wa WhatsApp? Nimeona alikoitoa. Maelezo yale husomwa kutoka chini kwenda juu: kila seva iliyopokea barua inaongeza mstari wake unaoanza na Received. Tatizo ni kwamba wa kuaminika ni ule ulioandikwa na seva yako mwenyewe, karibu na juu, unaoonyesha IP (namba ya kompyuta kwenye intaneti) iliyokukabidhi barua. Ya chini yake yote tapeli anaweza kuyabuni, na mtu wako ameshika mstari wa chini kabisa. Hata IP ingekuwa ya kweli, ingekufikisha kwenye kampuni ya intaneti, siyo kwenye chumba cha mtu. Mara nyingi ni kompyuta ya mhasiriwa mwingine iliyoingiwa na virusi, mwenyewe hana habari. Wengine wanaangalia barua iliyotumwa kwa Gmail, wanaona IP ya Google, wanatangaza mwizi yuko California! Anayejua nani alikuwa nyuma ya IP fulani saa fulani ni kampuni ya intaneti, na hawezi kumpa mtu wa WhatsApp. Anapewa polisi, kwa taratibu za kisheria. Kwa hiyo laki mbili hizo unanunua ramani yenye pini nyekundu. Baada ya hapo ataomba nyingine "kufunga akaunti ya mwizi".

Kuripoti kuna maana, ila lengo lake ni kuzima mashine inayotuma. Chukua ile IP ya mstari wa kuaminika, itafute kwenye WHOIS, daftari la umma la IP na waliosajiliwa nazo. IP za Afrika zinasajiliwa na AFRINIC kule Mauritius, za Ulaya na RIPE. Utakuta anwani ya malalamiko, kwa kawaida inaanza na abuse@. SpamCop inakufanyia kazi hiyo bure: unabandika barua nzima, inachambua na kuwapelekea wahusika. Kwa Tanzania wapo TZ-CERT, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa kuwa kuna vitisho, nenda polisi pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Lakini jamani, msitume skrinshoti. Picha haina mistari ya Received. Kufowadi kawaida nako kunaifuta. Fungua Gmail kwenye kompyuta (programu ya simu haina sehemu hii), bonyeza nukta tatu, chagua Show original, pakua faili na uliambatishe lilivyo.

Wewe mwenye duka, barua hii si ya kukukosesha usingizi. Ya kuogopa haina vitisho wala Kiingereza kibovu. Inatoka kwa msambazaji wako wa mabati, ikijibu mazungumzo yenu ya kweli, ina ankara sahihi mpaka senti, na mstari mmoja wa adabu: tumebadilisha benki, tafadhali lipeni kwenye akaunti hii mpya. Hapo wanaume wazima wamepoteza mtaji, kisha wakaja kwangu na IP mkononi. Ukiona mstari huo usijibu kwa barua pepe, maana unaweza kuwa unamjibu mwizi. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyo kwenye barua, na usikie sauti unayoijua ikikusomea namba ya akaunti.