Ukitaka mvinyo mweupe Dodoma, anza na tarehe ya kupogoa

Wanaonitafuta kuuliza habari za mvinyo huanza na miche: inapatikana wapi, inauzwaje, ekari moja inachukua mingapi. Mimi huwauliza jambo jingine kwanza. Siku zabibu zikiiva, nyumbani kwenu mko wangapi wa kuchuma na kukamua, na vyombo vyenu vinaweza kupozwa lita ngapi kwa usiku mmoja? Jibu la hapo ndilo linalokuambia upande miche mingapi, hasa kama unataka mvinyo mweupe.

Shamba letu liko bondeni, upande wa Mpunguzi, vilima vya mawe vikitukinga pande mbili. Ni la familia: mama, sisi watoto, shemeji mmoja mwenye mkono mzuri wa mkasi, na vijana wa jirani msimu wa mavuno. Mitambo ya baridi kama ya viwandani hatuna. Tuna kalenda, na kalenda ya Dodoma ni mali ambayo wakulima wa nchi za baridi hawana.

Ufaransa mzabibu hulala majira ya baridi, kisha huzaa mara moja kwa mwaka, mwenye shamba apende asipende. Kwetu haulali. Kinachouamsha ni mkasi: ukipogoa leo, hesabu miezi minne hivi, unavuna. Ndiyo sababu mkoa huu una mavuno mawili, la Februari na Machi, na la Agosti na Septemba. Watu husifu kuvuna mara mbili. Mimi nasifu zaidi kwamba siku ya kuvuna unaichagua mwenyewe.

Kwa hiyo usipogoe shamba zima kwa wiki moja. Ligawe mafungu. Pogoa mistari michache, acha siku kadhaa zipite, endelea na mingine. Kila fungu liwe la kiasi ambacho familia inaweza kuchuma alfajiri na kumaliza kukamua kabla jua halijawa kali. Mzee wa jirani yetu alituona wavivu, shamba limenyolewa nusu nusu. Lakini wanaopogoa kwa pamoja huiva kwa pamoja, hujazana kwenye milango ya viwanda kwa pamoja, na zabibu zilizokaa kwenye kreti juani hazina subira. Wengi siku hizi wanakamua na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu zenyewe, na ni hatua nzuri, ila mchuzi nao unataka chombo safi na mahali pa baridi. Tunarudi palepale.

Mavuno ya kiangazi ndiyo ninayoyapenda kwa mvinyo mweupe. Fungu lililopogolewa mvua zikiisha, kuanzia Aprili mwishoni, huiva Agosti na kuendelea. Wakati huo hewa ni kavu, kwa hiyo ubwirivinyoya, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu, hauna nguvu kama wakati wa masika, na usiku wa Dodoma una baridi ya kuvaa sweta. Gharama yake ni maji: bila matone ya umwagiliaji, mashada yanabaki madogo na majani yanachoka. Zabibu za Februari huwa zinapambana na ukungu na mvua inayopasua tunda, na sisi hizo tunaziuza zaidi kama tunda.

Kama bado hujapanda, nenda kwanza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora ukaone aina shambani kabla ya kununua mche kwa mtu wa barabarani. Kwa mvinyo mweupe sisi tuna Chenin Blanc, ambayo imezoea mkoa huu na inabaki na uchachu wake hata jua likiwa kali. Ukikosa uchachu, mvinyo mweupe unakuwa maji matamu yenye kileo. Nguzo za miti zitaliwa na mchwa, hilo halina mjadala. Paka oili chafu au weka za zege.

Sasa kukamua. Mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda, ndiyo yanayoupa rangi. Mweupe hautaki maganda. Zabibu zinapondwa, zinakamuliwa mara moja, na mchuzi peke yake ndio unaingia kwenye chombo. Kila saa unayochelewa, hewa inaufanya uwe wa kahawia na harufu ya tunda inapotea. Tunachuma kuanzia gizani na tochi za kichwani, tunachambua mashada yenye ukungu palepale, na kila lita 10 za mchuzi zinapata gramu 1 ya metabisalfaiti, unga wa kuzuia mchuzi usiharibike, kabla ya kuuacha utulie usiku kucha. Asubuhi tunahamisha ulio juu, tope linabaki chini. Kutoka kilo 100 tegemea lita 60 na kitu. Anayekuahidi 80 anakamua hadi mbegu, na utauonja ukali wake.

Pima sukari, usikisie kwa ulimi. Gramu 17 za sukari kwa lita hutoa takriban asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo mchuzi wa nyuzi 21 za Brix, yaani kipimo cha sukari, utakupeleka kwenye 12 hivi. Haidromita, kifaa cha kupimia, si ghali. Hamira iwe ya mvinyo. Ile ya maandazi inaumua unga vizuri sana, iacheni ifanye kazi hiyo.

Mchuzi ukianza kuchachuka hujipasha joto wenyewe, na ukipita nyuzi 25 harufu ile uliyoamka alfajiri kuitafuta inatoka na mapovu. Hapa ndipo upepo wa kiangazi unaposaidia. Mapipa yetu ni madogo, ya plastiki ya chakula, yamefungwa magunia tunayoyamwagia maji, ndani ya kibanda cha tofali kilichoachwa wazi upande wa upepo. Hewa kavu inanyonya yale maji na pipa linapoa. Simtanki la lita 1,000 huwezi kulipoza hivyo, katikati linabaki moto. Na kama mlipuliza shambani salfa ya kuzuia ukungu karibu na mavuno, msishangae mvinyo ukinuka yai viza. Acheni wiki kadhaa zipite kati ya salfa na kreti.

Mambo ya ndugu yasemwe mapema. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, madalali wa viwanja hawakauki huku, na mzabibu unataka karibu miaka miwili kabla ya kukupa cha maana. Kaeni kikao kabla ya kuchimba shimo la kwanza: ardhi ni ya nani, nani ana haki ya kuiuza, na je, aliyeko Dar es Salaam anayetuma hela ana fungu sawa na anayeshika mkasi? Kwetu kila mchumaji analipwa kwa ndoo, awe kijana wa jirani au mdogo wangu mwenyewe, na daftari linakaa kwa mama. Mama hana shahada ya uhasibu lakini hakuna aliyewahi kumzidi kwa ndoo moja.

Kuhusu kuuza: pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, kabla ya kununua chupa, si baada. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zabibu za hapa nchini zaidi ya asilimia 75 ni mdogo sana kuliko wa ule wa nje, kwa hiyo weka kumbukumbu za zabibu zako. Wateja wengi wa mitaani wamezoea dompo, mvinyo mtamu, na ukiwapa mweupe mkavu, yaani usio na utamu, watauliza mbona mkali. Usikimbilie kuongeza sukari kwenye chupa. Hamira iliyobaki itaila na vizibo vitaruka dukani kwa mtu. Tafuta anayeuza samaki au kuku wa kuchoma mwenye friji inayofanya kazi, mpe chupa moja ya baridi aonjeshe mezani, kisha rudi Jumatatu uone kama ameagiza.