Boti iliyotumika: anza na nyaya, betri na viti vitafuata

Ndugu uliyenunua boti ya fiba Dar es Salaam na kuileta Matema, umeuliza kama ununue betri kubwa zaidi, kwa kuwa uliyo nayo hulala boti ikiegeshwa siku chache, na kama fundi wa viti aanze kazi wakati unatafuta fedha za umeme. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo kwa sasa. Mimi nilianza na viti, na miezi mitatu baadaye nilivibomoa kwa mikono yangu ili nifikie waya mmoja uliopita chini yake.

Boti yako, kama yangu, imekaa baharini. Ziwa Nyasa lina maji baridi, lakini chumvi iliyokwisha kuingia ndani ya nyaya haitoki kwa sababu chombo kimehamia ziwani. Chukua kisu uchune waya wa taa ya omo, yaani ya mbele ya boti. Wangu ulikuwa na ukoko wa kijani kwenye ncha. Nikakata sentimita 30 nikitegemea kuifikia shaba nzima, nikakuta nyuzi nyeusi kama mkaa, zinazokatika kwa kucha. Kipimo kilisoma volti 12.6 kwenye betri na volti 10.9 kwenye taa hiyo ikiwa inawaka; tofauti hiyo ilipotelea njiani kwenye nyaya.

Kisha zima kila kitu, uchomoe waya hasi wa betri, na uweke kipimo cha ampea kati ya waya huo na betri. Kwangu kilisoma nusu ampea. Umeme ulikuwa ukivuja kwenye kiungo kilichosokotwa kwa mkono, kikafungwa utepe mweusi na kuachwa kwenye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti. Nusu ampea mchana na usiku ni ampea-saa 12 kwa siku, kwa hiyo betri ya ampea-saa 70 haiwezi kumaliza wiki. Ungenunua kubwa mara mbili, ungeongeza siku chache tu za kuvuja.

Kwa hiyo ng'oa nyaya zote. Waya bora ni wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, ingawa ule wa magari wa nyuzi nyingi unafaa kwa maji baridi iwapo ncha zitazibwa vizuri. Waya mgumu wa nyumba usiukubali hata kwa zawadi, kwa sababu mtikisiko wa injini huukata ndani kwa ndani. Unene nao ni jambo la hesabu: pampu inayokula ampea 5, ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, hupoteza takribani volti 0.7 kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, lakini kwa waya wa milimita 4 hupoteza kama robo volti. Ncha zibanwe kwa lagi (kichwa cha chuma cha kuungia waya) na koleo lake, kisha zivikwe mpira unaosinyaa kwa joto. Mafundi wengi hupenda solda, lakini solda huufanya waya uwe mgumu mahali pamoja, na hapo ndipo unapokatikia.

Fyuzi kuu ikae karibu na ncha chanya ya betri, isizidi sentimita 18, maana kazi yake ni kuulinda waya usiungue, na kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Betri isikae sanduku moja na tangi la petroli.

Pampu ya kufua ngama ndiyo ninayoisisitiza kuliko vyote. Ya kwangu ilipitia swichi kuu, nami kila jioni niliizima swichi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua ya Kyela ilinyesha hadi alfajiri. Nilipofika ufukoni, tezi, yaani nyuma ya boti, ilikuwa imezama na injini imefunikwa na maji hadi kwenye kofia. Pampu ilikuwa nzima kabisa, ila haikuwa na umeme. Iunge moja kwa moja kwenye betri, iwe na fyuzi yake na swichi ya kuelea inayoiwasha maji yakipanda, ili ifanye kazi hata ukiwa umelala nyumbani. Ukiweza, tenga betri ya kuwashia injini na ya taa, na taa zote ziwe za LED, zinazokula umeme kidogo.

Sasa viti. Nilitumia plaiwudi ya kawaida ya kujengea, nayo ikaachana matabaka kabla masika hayajaisha. Kabla ya kununua, chemsha kipande kidogo kwa saa kadhaa. Gundi ya ndani ikiachia, usiinunue. Kingo zote na matundu ya skrubu yapakwe resini, upande usioonekana pia. Sponji ya magodoro hunywa maji na kunuka, kwa hiyo tafuta ile ngumu isiyofyonza, na reksini yake ishonwe na kuachiwa matundu madogo chini ya kutolea maji.

Juu ya kila mahali nyaya zinapounganika weka kifuniko cha skrubu, wala usigundishe. Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki, juu ya usawa wa ngama, na ndani ya bomba uache uzi wa nailoni. Mwaka jana nilipoongeza taa ya tezi, nilifunga waya mpya kwenye uzi huo, nikafungua skrubu nne, nikauvuta hadi nyuma bila kugusa kiti hata kimoja.