Magugu maji kwenye bwawa la kiwanda cha ngozi

Ndugu, umeuliza kama magugu maji ya Ziwa Victoria yataondoa kromiamu, metali inayotumika kusindika ngozi, kwenye majitaka ya kiwanda chenu cha ngozi. Yanaweza, ila usiyabebeshe kazi yote. Majitaka yakitoka moja kwa moja kiwandani yana kromiamu nyingi na chumvi kali. Mmea utanyauka kabla haujafanya kitu. Anza na chokaa: pandisha pH (kipimo cha asidi) hadi 8 au 9, kromiamu igande na kuzama kama tope. Maji ya juu ndiyo uyapeleke bwawani.

Humo, mizizi ile myeusi yenye manyoya ndiyo inayonasa sehemu kubwa. Majani hubeba kidogo. Kwa hiyo ukivuna, toa mmea mzima. Na hapa ndipo wengi huharibu: metali haikupotea, imehama tu. Usilishe ng'ombe, usitengeneze mboji, wala usiache mimea iozee bwawani, maana kromiamu itarudi majini. Ianike kwenye sakafu ya saruji, kisha iende na lile tope kama taka hatarishi.

Ningekuwa wewe, ningepanda matete badala ya magugu maji. Yameshika ardhi, mafuriko hayayapeleki ziwani, na magugu ziwani tunayo ya kutosha!